Mizani na Sufuria: Je, Mwanamke Mnene Alipwe Ili Apungue?



Mhadhara huu nilikusudia uhusu jambo jingine kabisa. Nilibadili nia baada ya mwenzangu mmoja mchumi, mtu ninayemheshimu na ninayekunywa naye kahawa, kusimama kwenye kongamano na kutangaza kwamba dawa ya unene wa wanawake wetu imekwisha kupatikana: wapeni pesa. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita mwaka 2023. Basi mfuko wa bima upime, mwanamke akipungua alipwe, asipopungua asilipwe. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilibaki nimeshika kalamu.

Ukubwa wa tatizo mnaujua. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Kenya, mwaka 2014, walikuwa asilimia 33. Kisukari na shinikizo la damu nawaachia madaktari. Swali langu ni hilo la pesa.

Hoja ya mwenzangu si ya kipuuzi. Chapati ya leo utamu wake ni wa leo, na madhara yake ni ya miaka kumi ijayo. Malipo yanaisogeza faida ya kujizuia ifike mwisho wa mwezi. Ushahidi anaopenda kuutaja ni wa Kevin Volpp na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2008. Watu 57, wiki 16. Kundi moja lilichezeshwa bahati nasibu, jingine liliweka amana ya fedha zake lenyewe, nayo ilipotea kama uzito haukushuka. Makundi hayo mawili yalipungua takriban kilo sita kila mtu, wakati wasiolipwa hawakufika hata mbili. Hapo ndipo mwenzangu alipofunga makabrasha yake. Angefungua ukurasa uliofuata angeona kwamba walipopimwa tena mwezi wa saba sehemu kubwa ya kilo hizo ilikuwa imerudi, na tofauti baina ya makundi haikuwa tena na uzito wa kitakwimu. Angeona pia kwamba washiriki walitoka hospitali ya wanajeshi wastaafu wa Philadelphia, na karibu wote walikuwa wanaume.

Wanaume! Mwaka 2024 ukaja utafiti wa Uingereza, wa Belfast, Bristol na Glasgow. Watu 585 waliambiwa wana pauni 400 zinazowasubiri na zitakatwa wakikosa malengo, au walitumiwa ujumbe wa simu tu, au hawakupewa chochote kati ya hivyo. Baada ya mwaka, waliokuwa na pesa na ujumbe walipungua asilimia 4.8 ya uzito wao, na wasio na chochote asilimia 1.3. Kazi safi kabisa. Nayo ilifanywa kwa wanaume peke yao, kwa sababu nzuri: wanaume ni wazito kujiunga na vikundi vya kupunguza uzito. Lakini sisi tunalichukua jibu la mzee wa Glasgow na kumvisha mama wa Mbagala.

Kwa wanawake ushahidi upo, na nitautendea haki. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya New York na Los Angeles: watu 668 wa mitaa ya kipato cha chini, wanne katika kila watano wakiwa wanawake. Malipo yalifika hadi dola 750. Kufikia mwezi wa sita, asilimia 49 ya waliolipwa kwa kupungua walikuwa wamepoteza angalau asilimia tano ya uzito wao. Waliolipwa kwa kutimiza shughuli, kama kuhudhuria programu na kuandika wanachokula, asilimia 39. Na waliopewa nyenzo bila pesa, asilimia 22. Nusu ni nusu, sibishi. Ila wote walilipiwa uanachama wa programu ya kupunguza uzito na wakapewa mizani ya nyumbani, na mwaka ulipotimia pengo lilikuwa limesinyaa.

Na kama ni dau, lipo kubwa kuliko yote haya. Kipindi cha televisheni cha Marekani, The Biggest Loser, kilimpa mshindi dola 250,000. Mtafiti Kevin Hall aliwafuatilia washiriki 14 miaka sita baada ya shindano na kuchapisha mwaka 2016. Kati ya kilo 58 walizopoteza kwa wastani, 41 zilikuwa zimerudi. Miili yao ikiwa imepumzika ilichoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Ukipunguza chakula, mwili unapunguza matumizi, tena haukuulizi umelipwa ngapi. (Dubai nao, Ramadhani ya 2013, walitoa gramu ya dhahabu kwa kila kilo. Ndugu zetu walioko huko waliniletea picha za foleni. Za mwaka uliofuata sijaletewa.)

Sasa naomba mnivumilie kwa utafiti ninaoupenda kuliko yote, ambao wanafunzi wangu wamechoka kuusikia. Robert Jeffery na Rena Wing, mwaka 1993, waligawa watu 202. Baadhi walipata mafunzo ya kawaida tu. Wengine waliongezewa pesa, hadi dola 25 kwa wiki. Wengine waliongezewa chakula chenyewe, kifungua kinywa na chakula cha jioni, siku tano za wiki, kwa miezi 18. Wa mafunzo peke yake walikuwa wamepungua kilo 4.5 mwaka ulipotimia. Waliopewa chakula, kilo 9.1. Pesa haikuongeza kitu.

Hawakutosheka. Mwaka 1996 walirudi na wanawake 163. Kundi moja lilipata mafunzo tu. Jingine, pamoja na mafunzo, lilipewa mpango wa milo na orodha ya kununua sokoni. Wengine wakapewa na chakula chenyewe, wakichangia gharama. Wengine bure kabisa. Kwa miezi sita kundi la mafunzo lilipungua kilo 8. Matatu yaliyobaki yalikaribiana mno, kati ya kilo 11.4 na 12. Chakula cha bure hakikuishinda karatasi ya orodha! Kilichobadilika ni vyakula vilivyomo kabatini na utaratibu wa milo. Ni kweli kwamba kilo zilianza kurudi kwa wote, lakini mwaka ulipokwisha makundi hayo matatu yalikuwa bado mbele maradufu.

Kinachofuata hakimo kwenye jedwali lolote. Mama yangu mdogo alikaanga mihogo na kachori Ngamiani, Tanga. Miaka ya tisini alipungua kwa amri ya daktari, kwa sababu ya sukari. Majirani wakaanza kuuliza kwa sauti ya chini. Zama zile kukonda kulikuwa na maana moja tu: UKIMWI. Uganda ugonjwa wenyewe ulikuwa umeitwa "slim". Wateja wakapungua. Alipoanza kunenepa tena wakamwambia amenawiri, na biashara ikarudi. Wachumi wetu wanazungumza kana kwamba uzito wa mwanamke hauna bei mpaka wao waje kuupangia. Pwani una bei tangu siku ya kuchezwa ngoma, na hulipwa kwa heshima, kwa posa na kwa wateja.

Tena mama yule alikuwa na sufuria moja na watu saba. Mpango wa kumlipa kwa kilo zake ungemtaka apike mara mbili au alale na njaa mbele ya watoto wanaokula.

Mwenzangu atasema: na Kilombero? Kweli, vijana wa vijiji vya Kilombero na Ulanga walilipwa kila miezi minne walipopimwa na kukutwa hawana magonjwa ya zinaa. Shilingi 10,000 hazikufua dafu. 20,000 zilipunguza maambukizi kwa takriban robo. Nausifu utafiti huo. Lakini mwili haushindani na mtu aliyevaa kondomu, wala haumshushii matumizi ya nguvu ili kumrudisha alikotoka.

Kwa hiyo naomba jaribio lifanyike hapa, kwa wanawake, miaka mitatu si wiki kumi na sita. Kundi moja lilipwe kwa mizani, kama atakavyo mwenzangu. Jingine fedha zilezile ziende kwenye kapu la wiki la nyumba nzima: mboga, kunde, samaki, mafuta yaliyopimwa, na orodha ya mapishi ambayo mume na watoto watakula bila manung'uniko. Huenda pesa ikashinda. Mimi naweka dau langu kwenye kapu.

Nilipomweleza hayo, mwenzangu aliuliza: na yule wa ofisini asiyepika, anayekula chipsi mayai kila mchana? Nikamwambia fedha hizo basi apewe muuza chipsi, aweke na sufuria ya maharage kando ya karai. Alidhani natania.