Wahandisi wa Baa

Wiki hii nilikuwa Chanika, kule mbele ya Pugu, ambako kila kiwanja kina rundo la matofali na kila baa ina wahandisi wake.

Mhandisi wa baa humtambui kwa cheti, unamtambua kwa kidole. Anakichovya kwenye jasho la chupa, anachora nyumba juu ya meza. Bia ya kwanza, vyumba vitatu na sebule. Bia ya tatu, ghorofa. Bia ya tano, anapunguza nguzo mbili ili kuokoa saruji. Bahati nzuri mhudumu anapita na kitambaa, anafuta ramani yote!

Ukimwuliza, "Mzee, leo si siku ya kazi?" atakujibu kuwa yuko kazini. Na kweli, koti lake limekaa kitini ofisini tangu saa moja na nusu. Novemba 2015 Rais Magufuli alipoivamia Wizara ya Fedha ghafla, alikuta viti vitupu.

Tucheke, lakini zege halifutiki kwa kitambaa. Machi 29, 2013, ghorofa iliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, hapa hapa Dar es Salaam, ikaua watu 36.

Sheria ya mwaka 1997 inataka mhandisi awe amesajiliwa na Bodi. Basi ndugu zangu wa Chanika, kabla ya kuchimba msingi, mwulizeni huyo bwana namba yake ya usajili. Akiwapa namba ya meza, mlipieni bia zake, mkatafute mwingine.

Kwaherini.