Insulini na Usukani: Hotuba kwa Madereva wa Matatu, Nyeri



Dereva akiambiwa hospitalini kwamba ataanza kujidunga insulini, mara nyingi swali la kwanza ni la kazi: je, leseni itakwenda? Kwa hofu hiyo wengine huficha ugonjwa. Wengine huruka dozi ili sukari isishuke wakiwa safarini. Yote mawili ni hatari kwao na kwa abiria 14 walio nyuma yao.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 31, inamtaka anayeomba leseni atangaze ugonjwa wowote unaoweza kufanya uendeshaji wake uwe hatari kwa umma. Anayenyamaza anavunja sheria, na pia anajinyima msaada.

Nchi nyingine zimepitia jambo hili. Uingereza iliwazuia watumiaji wa insulini kuendesha mabasi na malori makubwa hadi Novemba 2011. Sasa wanaruhusiwa kwa masharti: wakaguliwe na daktari bingwa kila mwaka, waonyeshe vipimo vilivyohifadhiwa kwenye mashine, na wawe wanatambua dalili za sukari kushuka. Marekani ililegeza kanuni zake mwaka 2018, nayo inadai rekodi ya vipimo.

Sababu ya masharti hayo ni hii. Insulini hushusha sukari. Dereva akijidunga asubuhi, kisha akakosa chakula cha mchana kwa kukimbizana na hesabu ya mwenye gari, sukari inaweza kwenda chini ya milimoli 4 kwa lita. Hutetemeka, hutokwa na jasho na kuona ukungu, kisha huchanganyikiwa au kuzirai. Akishachanganyikiwa, hawezi tena kutambua kwamba hafai kuendesha.

Kwa hivyo dereva apime kabla ya kushika usukani, na kila baada ya saa 2 akiwa kazini. Nyeri hadi Nairobi ni kilomita 150 hivi. Kukiwa na msongamano, saa 2 huisha kabla ya kufika, basi apange kusimama, kwa mfano Kenol. Kipimo kikiwa chini ya 5, ale kwanza. Kikiwa chini ya 4, asiendeshe.

Akihisi dalili njiani, atoe gari barabarani, azime injini, achomoe ufunguo na ahame kiti cha dereva. Anywe soda yenye sukari au ale glukosi, kisha chakula. Asirudi usukanini hadi dakika 45 zipite tangu sukari irejee kawaida. Abiria wangoje au wahamishiwe gari jingine. Na asibadilishe dozi bila kuzungumza na kliniki yake.

SACCO nazo zina wajibu. Kifungu cha 66A kinakataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Ndani ya saa hizo, chakula kipewe nafasi yake. Makondakta wafundishwe dalili, na kila gari liwe na glukosi. Zaidi ya yote, anayesema ukweli kuhusu afya yake asifutwe papo hapo. Apelekwe kwa daktari. Mmoja akifutwa kwa kusema, wengine wote stejini watanyamaza.