Elimu ya Forodha na Riziki ya Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa nizungumze habari za sheria za forodha, na jinsi kijana wetu awezavyo kuifanya elimu hiyo kuwa kazi ya maisha yake. Neno langu ni moja: katika biashara ya nchi na nchi, karani ajuaye kujaza hati tu yumo hatarini, bali yule aijuaye sheria iliyo nyuma ya hati ana heshima na riziki.

Zamani elimu hii haikuhitajiwa sana. Mapatano ya mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani yaliweka ushuru wa 5 kwa mia juu ya mizigo yao iliyoshushwa. Ikiwa nguo au shaba, hesabu ilikuwa moja. Mtu aliyejua kupima na kuandika alitosha pale Forodhani.

Leo sivyo. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza tarehe 1 Januari 2005, uliweka ushuru wa pamoja wa madaraja matatu kwa mizigo itokayo nje ya Jumuiya: 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa mia kwa vitu vilivyotengenezwa nusu, na 25 kwa mia kwa vitu vilivyokamilika. Tangu tarehe 1 Julai 2022 limeongezwa daraja la 35 kwa mia. Tena ziko bidhaa ziitwazo nyeti, kama sukari na mchele, ambazo zina viwango vyake peke yake. Na viwango hivi hubadilishwa kwa tangazo katika Gazeti la Jumuiya. Basi karani wa forodha hana budi kuyajibu maswali matatu.

Swali la kwanza: mzigo huu ni kitu gani mbele ya sheria? Shirika la Forodha Duniani, lililoko Brussels, lina orodha ya bidhaa zote, iitwayo HS, iliyoanza kutumika mwaka 1988. Sura zake zahesabiwa hata 97, na kila bidhaa ina namba ya tarakimu sita. Kahawa imo katika sura ya 09. Ikiwa haijakaangwa, wala haikuondolewa kafeini, ni 0901.11, ikisha kukaangwa ni 0901.21. Orodha hiyo ina kanuni sita za kuifasiri, nazo hazifuati macho ya mtu. Kwa mfano, baiskeli iliyofunguliwa na kutiwa sandukuni vipande vipande, ikiwa imetimia, huhesabiwa kuwa baiskeli. Asiyesoma ataiandika kuwa vipuri, naye atakuwa ameandika uongo bila ya kukusudia.

Swali la pili: thamani yake ni nini? Msingi ni bei iliyolipwa kwa kweli, na kwa mzigo wa baharini huongezwa nauli na bima mpaka bandarini. Tuseme ankara ni shilingi 9,000,000, nauli 800,000, na bima 200,000. Thamani ni 10,000,000. Katika daraja la 10 ushuru ni 1,000,000. Katika daraja la 25 ni 2,500,000. Namba moja ikikosewa, tofauti ni shilingi 1,500,000, na kwa mfanyabiashara mdogo hiyo yaweza kuwa ndiyo mtaji wake wote.

Swali la tatu: mzigo umetoka wapi? Bidhaa iliyotengenezwa katika Jumuiya kwa kufuata kanuni za uasili, tena yenye cheti chake, hupita bila ya ushuru huo. Wako wakulima na mafundi wetu wanaolipa wasichopaswa kulipa, kwa sababu hawakupata mtu wa kuwaeleza habari ya karatasi hiyo.

Sasa nataka vijana wasikilize. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, yasema kwamba wakala afanyaye jambo kwa niaba ya mwenye mzigo huhesabiwa kama ndiye mwenye mzigo, na deni la ushuru laweza kudaiwa kwake mwenyewe. Wala jambo haliishi siku mzigo utokapo bandarini, maana hati hutakiwa kuhifadhiwa miaka 5, na maofisa waweza kurudi kuzikagua. Kwa hiyo, atiaye sahihi asilolijua amejifunga kamba shingoni kwa mkono wake.

Njia ya kujifunza ipo. Tanzania ina Chuo cha Kodi, Dar es Salaam. Kenya ina chuo cha mapato chini ya mamlaka yake ya kodi. Na kiko cheti cha mawakala wa forodha kinachotambuliwa katika Afrika Mashariki, kilichowekwa na mamlaka za mapato pamoja na vyama vya mawakala. Na kazi hazipo bandarini tu. Viwanda, mabenki, makampuni ya meli, maghala na wasafirishaji wa mazao, wote wahitaji watu wa elimu hii.

Kwa wanachama wenzangu naleta shauri dogo. Chama na kinunue nakala ya Sheria na ya kitabu cha ushuru. Tukutane jioni moja kila juma, tusome kifungu kimoja, na kila mmoja alete mzigo wa mfano tuutafutie namba yake. Wazee waliofanya kazi miaka mingi waeleze waliyoyaona. Vijana waulize bila haya, maana kuuliza si ujinga. Na mwenye mtoto aliyemaliza shule, asimtafutie kiti cha ofisi kabla hajamtafutia elimu ya kukalia kiti hicho.

Haba na haba hujaza kibaba.