UFA HUSOMWA KABLA YA KUZIBWA

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Katika mkutano uliopita mliuliza juu ya majengo na madaraja tuliyo nayo: tutajuaje lililo dhaifu, nani ana wajibu wa kulitazama, na je, lililo dhaifu laweza kutiwa nguvu au halina budi kubomolewa? Mkatutaka sisi tulio katika kazi za ujenzi tutafute jibu. Leo tumekuja kulileta. Twasema mapema kwamba jibu lenyewe halitamfurahisha kila mtu, hasa mwenye nyumba ambaye hukusanya kodi kila mwezi wala hajui hali ya nguzo zake.

Wengi wetu tumezoea kulimaliza jambo hili kwa methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ni njema, lakini katika kazi yetu imewadanganya watu wengi. Mtu akiona ufa huita fundi, fundi hupaka saruji, juu yake hupita rangi, na watu hulala usingizi. Ufa ule ulikuwa barua, nao wameichana bila ya kuisoma.

Ufa mwembamba kama unywele katika lipu pengine hauna neno; lipu imekauka upesi, basi. Lakini ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha ukapanda mshazari kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali, wasema kwamba msingi umezama upande mmoja. Ufa unaokwenda sambamba na nondo ndani ya nguzo, wenye madoa ya rangi ya chai, wasema kwamba chuma kimeshika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Na ufa wa mshazari katika boriti ya zege, karibu na pale inapokaa juu ya nguzo, huo si wa kusubiri kesho. Watu watolewe nje siku hiyo hiyo.

Iko njia ya zamani ambayo haina gharama. Bandika kipande cha kioo juu ya ufa, kikamate kwa plasta huku na huku, uandike tarehe. Kioo kikivunjika, ukuta bado watembea. Mhandisi akija na kuona vioo vyenu vyenye tarehe atajua katika dakika tano jambo ambalo lingemchukua miezi kulijua.

Sasa tuangalie yaliyotupata. Beit-al-Ajaib ya Unguja yajulikana na kila mtu. Sayyid Barghash bin Said aliijenga mwaka 1883, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nguzo za chuma kuzunguka roshani zake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga mizinga ngome ya Sultani kwa muda usiofika saa moja, na mnara uliokuwa mbele ya jumba ukabomoka. Katika matengenezo ya mwaka 1897 mnara wa saa ukatiwa katika uso wa jumba lenyewe, yaani uzito ambao haukuwapo katika jengo la 1883. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jumba likawa mali ya wananchi, likatumika kama chuo cha chama na baadaye makumbusho.

Mwaka 2012 pembe moja ya nyuma iliporomoka. Wageni wakazuiwa kuingia. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya matengenezo inaendelea, sehemu kubwa ya uso wa jumba pamoja na mnara wa saa ikaanguka, na watu wawili wakafariki.

Hesabuni wenyewe: kutoka 2012 hadi 2020 ni miaka 8. Hatusemi kwamba watu walikaa bure miaka yote hiyo. Palikuwa na uchunguzi, mipango, na kutafuta fedha. Lakini jengo lilikuwa limekwisha kusema. Hapa ndipo penye neno letu la leo. Ugonjwa unaotuua si kutojua, ni ule muda unaopita kati ya kujua na kutenda.

Wala msidhani kwamba ugonjwa huu ni wa nchi maskini. Huko Genoa, Italia, lilikuwapo daraja lenye urefu wa zaidi ya kilometa moja, lililofunguliwa mwaka 1967. Mhandisi wake alikuwa Riccardo Morandi. Nyaya za chuma zilizolishikilia alizifunika kwa zege ili mvua na hewa zisizile, na watu wakamsifu kwa werevu huo. Lakini kitu kilichofunikwa hakionekani. Mwaka 1979 Morandi mwenyewe aliandika kwamba hewa ya bahari na moshi wa viwanda vilikuwa vikilidhuru zege la daraja lake. Katika miaka ya 1990 nguzo moja, ya namba 11, ilitiwa nguvu kwa kuongezwa nyaya mpya za nje. Nguzo namba 9 haikutiwa. Ilipangwa kutiwa nguvu, michoro ikafanywa, zabuni ikatangazwa. Tarehe 14 Agosti 2018, katika mvua kubwa, nguzo namba 9 ikaanguka na barabara iliyoibeba, watu 43 wakafa. Dawa ilikuwa imekwisha kuandikwa, ilingoja dirishani.

Wamarekani nao walifundishwa kwa msiba. Mwaka ule ule wa 1967, tarehe 15 Desemba, daraja lililovuka mto Ohio, la mwaka 1928, lilianguka zima likiwa limejaa magari, watu 46 wakafariki. Lilikuwa limening'inizwa kwa vipande virefu vya chuma vilivyounganishwa viwili viwili kama mnyororo. Kipande kimoja kilikuwa na ufa wa kina cha milimita mbili au tatu hivi, uliofichika ndani ya kiungo. Kilipokatika hakikuwa na mwenzake wa kutosha wa kupokea mzigo, na daraja zima likaenda. Baada ya hapo sheria ya 1968 iliagiza uwekwe utaratibu wa kukagua madaraja, na tangu 1971 daraja la barabara huko hukaguliwa kwa kawaida kila baada ya miaka 2. Angalieni: sheria haikungoja nyufa. Iliweka tarehe.

Kutokana na habari hizo mbili twapata maswali ambayo mwanachama yeyote, hata asiyesoma uhandisi, aweza kuyauliza mbele ya jengo au daraja. Ni kitu gani hapa ambacho kikikatika hakuna kingine cha kupokea mzigo? Na ni kitu gani muhimu ambacho hakionekani?

Kariakoo maswali hayo yana uzito wa pekee. Mitaa ile ilikuwa ya nyumba za Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati. Leo juu ya viwanja vile vile vidogo yamesimama maghorofa. Chini ni maduka, na mwenye duka hataki ukuta, ataka kioo na nafasi. Kwa hiyo ghorofa ya chini, iliyobeba uzito wote, ndiyo yenye kuta chache kuliko zote. Juu vyumba vya kulala vimegeuzwa stoo za vitenge na vigae. Mzigo wa vigae si mzigo wa kitanda na kabati! Jengo lililopimwa kwa ajili ya watu kulala laweza kubeba stoo mwaka wa kwanza na wa pili, na kila mtu akasema mbona limesimama.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024 jengo la maduka liliporomoka Kariakoo, watu wakakwama katika vyumba vya chini, na waliofariki walizidi 25. Rais aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Agizo lilikuwa la haki, nasi twaliunga mkono. Lakini lilikuja baada ya msiba, na hilo ndilo tunalotaka libadilike. Wala tusijidanganye kwamba hatari ni ya majengo makuukuu tu. Lile la mtaa wa Indira Gandhi, lililoua watu 36 tarehe 29 Machi 2013, lilikuwa bado linajengwa.

Madaraja yana adui wa namna nyingine. Wengi hutazama juu, kwenye kingo na lami. Maji huchimba chini. Mto uliofurika hutafuna udongo kuzunguka mguu wa nguzo, na mafuriko yakiisha shimo hujifukia kwa mchanga laini; anayetazama siku ya jua haoni kitu. Au maji hula tuta la barabara pale linapokutana na daraja, na daraja likabaki peke yake katikati kama meza. Mwezi Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara sehemu ya Somanga, na abiria na malori ya chakula yakalala njiani. Kusini nzima ilifungwa kwa kukatika mahali pachache. Basi daraja lenye njia moja tu, lisilo na njia ya kuzunguka, lastahili kutazamwa mbele ya mengine, hata kama halionekani bovu kuliko yote.

Mliuliza kama kilicho dhaifu chaweza kutiwa nguvu. Naam, mara nyingi chaweza. Nguzo nyembamba huvikwa koti: zege bovu huondolewa, kutu husuguliwa, nondo mpya hufungwa kuizunguka, na zege jipya humiminwa. Pengine hufungwa kwa bamba za chuma, au siku hizi kwa kitambaa cha nyuzi za kaboni kinachobandikwa kwa gundi maalumu, ingawa hicho ni ghali na chataka mikono iliyofundishwa. Mguu wa daraja hulindwa kwa mawe makubwa yaliyofungwa katika nyavu za waya. Bukoba, ambako tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu na kuharibu nyumba nyingi, nyumba ya matofali yaweza kufungwa mkanda wa zege na nondo juu ya kuta zote nne, na paa likakamatwa kwenye mkanda huo, kuta zisipate kuachana pembeni.

Lakini tiba ifuate mwili wa mgonjwa. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa chokaa, nayo chokaa huachia unyevu utoke. Fundi akizipaka saruji ngumu kwa kudhani anazitia nguvu, unyevu hufungwa ndani ya ukuta, na vichwa vya boriti za mikoko huoza vikiwa vimefichika. Ukuta unang'aa nje, sakafu inaning'inia ndani. Fundi wa chokaa asidharauliwe; ujuzi wake ndio dawa yenyewe.

Na kabla ya dawa zote hizo liko jambo moja ambalo twalisisitiza kupita yote: egemeza kwanza. Magogo au nguzo za chuma chini ya boriti yenye ufa, mzigo ukapunguzwa juu, watu wakahamishwa, lori zito likazuiwa darajani. Kazi hiyo haingoji zabuni wala mkopo. Mhandisi ndiye aonyeshe mahali pa kuegemeza, maana gogo likiwekwa pasipofaa laweza kudhuru. Lakini yaweza kufanywa katika juma moja, na huwapa wakubwa muda wa kuandika karatasi zao bila ya kuhesabu maiti.

Tunajua kwa nini haifanyiki. Daraja jipya hufunguliwa kwa ngoma na utepe. Nguzo ya zamani iliyovikwa koti haina sherehe, na hakuna kiongozi anayepigwa picha chini ya daraja akiwa amekanyaga tope. Sisi tungependa kumwona huyo. Upande wa majengo, mwenye nyumba aogopa kupoteza kodi, na mpangaji aogopa kufukuzwa, kwa hiyo wote wawili hunyamaza. Mpangaji anayetoa habari ya ufa asiadhibiwe kwa kuondolewa chumbani. Bila ya kumlinda huyo hakuna ukaguzi utakaofaulu, kwa sababu yeye ndiye alalaye karibu na ukuta.

Kwa hiyo twapendekeza haya, mkutano uyakubali au uyakatae. Kila shina liandike orodha ya majengo yenye ghorofa na madaraja na makalvati yaliyo katika eneo lake: mwaka wa kujengwa kama wajulikana, matumizi ya kwanza na matumizi ya sasa, na nyufa zilizoonekana, kila ufa na tarehe yake. Habari za madaraja ya barabara kuu na za mikoa zipelekwe TANROADS, za barabara za mitaa na vijiji TARURA, na za majengo zipelekwe halmashauri. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, nakala ibaki kwetu. Baada ya siku 30 wajumbe wawili waende kuuliza jibu, na jibu lisomwe hapa mbele ya wote, liwe zuri au baya.

Wanachama walio mafundi wamekubali kuzunguka na mashina siku za Jumapili, bila ya malipo. Kazi yao ni kuandika na kubandika vioo tu. Asiwepo atakayesema jengo ni salama, maana neno hilo ni la mhandisi aliyesajiliwa. Madaftari yako kwa katibu, vipande vya kioo vimetolewa na wenzetu maseremala. Tunaomba orodha zirudi kabla ya mvua za masika.