Mwana wa Mhunzi: Dolores Costello na Gharama ya Sinema Bubu



Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Jioni hii ninaupima usemi huo kwa maisha ya Dolores Costello, mwigizaji wa Marekani aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1903. Hoja yangu ni moja: ukoo wa wasanii humrithisha mtoto kazi, lakini hauwezi kumrithisha usalama kazini. Huo ni wajibu wa tasnia yenyewe.

Baba yake, Maurice Costello, alikuwa miongoni mwa waigizaji wa mwanzo kabisa kupendwa na watazamaji wa sinema. Mama yake, Mae, naye aliigiza. Kwa Dolores na mdogo wake Helene, studio ya Vitagraph huko Brooklyn ndiyo iliyokuwa karakana ya mhunzi: wangali watoto wadogo, walikwisha kuonekana katika filamu za kampuni hiyo. Sinema ilikuwa bubu. Huzuni ilipaswa kusomeka machoni, woga mabegani, penzi katika namna ya kugeuza shingo. Ujuzi wa namna hiyo hukomaa kwa kutazama na kurudia, na wao waliuanza mapema.

Katika miaka ya 1920, baada ya kucheza dansi jukwaani New York, akina dada hao walichukuliwa na Warner Bros. Mwaka 1926 Dolores aliigiza na John Barrymore katika The Sea Beast, filamu iliyotokana na riwaya ya Herman Melville. Barrymore alitoka katika ukoo mashuhuri wa tamthilia. Ndugu zake, Ethel na Lionel, nao walikuwa nyota. Dolores na Barrymore walipooana mwaka 1928, koo mbili za maonyesho zikaungana.

Mwaka huohuo ilitoka Noah's Ark, iliyoongozwa na Michael Curtiz, Dolores akiwa mhusika mkuu. Ili kuigiza gharika, maji mengi yalifunguliwa yakashuka juu ya seti iliyojaa waigizaji wa ziada. Watu waliumia. Mpiga picha Hal Mohr, kwa kutoridhika na usalama wao, aliiacha kazi. Ninamtaja kwa heshima: aliona kwamba picha nzuri haihalalishi kila kitu.

Dolores mwenyewe alidhurika polepole. Vipodozi vikali vya studio za wakati ule viliharibu ngozi ya uso wake, na kwa mwigizaji wa sinema bubu, uso ndio sauti. Mwaka 1942 Orson Welles alimpa uhusika wa Isabel katika The Magnificent Ambersons, nasi tunaona bado ukomavu wa ajabu katika utulivu wake. Lakini studio ya RKO iliipunguza filamu hiyo kwa zaidi ya dakika 40, na vipande vilivyokatwa vikaharibiwa. Mwaka uliofuata aliacha sinema. Alifariki mwaka 1979. Miaka mitatu baadaye, mjukuu wake Drew Barrymore, akiwa bado mtoto, alijulikana duniani kote kwa filamu ya E.T.

Wasia wa wahenga, basi, umetimia: kazi imeshuka kutoka kizazi hadi kizazi. Ila tusiridhike na nusu hiyo ya simulizi. Wanafunzi wangu wa sanaa za maonyesho, msomapo historia ya sinema, msiishie kwenye majina ya waongozaji. Ulizeni ni nani aliyesimama chini ya maji yale, nani alipakwa nini usoni, na nani aliyeamua kipande kipi kitupwe. Na siku mtakapokuwa nyinyi wenye kuajiri, andikeni usalama wa mwigizaji katika mkataba kabla hamjaandika malipo yake. Kipaji cha Dolores Costello kililelewa nyumbani. Madhara aliyapata kazini, na mikono ya watu ingeweza kuyazuia.