Kagueni Kofia Kabla ya Kumkamata Mpandaji

Wapandaji wa pikipiki na baiskeli wasiovaa kofia ngumu wanasakwa barabarani na kutozwa faini. Msako wenyewe hatuupingi. Anayepanda chombo cha magurudumu mawili kichwa wazi anahatarisha roho yake, na hilo halina mjadala. Hofu yetu iko kwingine: mpandaji anakaguliwa barabarani, kofia haikaguliwi dukani.

Ingia duka la spea. Kofia zimetundikwa ukutani, za pikipiki, za baiskeli, za watoto, pamoja na zile za njano za mafundi ujenzi, na zote zinauzwa kwa jina moja. Muuzaji atakuuliza unataka rangi gani. Hatakuuliza unapanda nini. Ukitoka na kitu kigumu kichwani, barabarani utaruhusiwa kupita.

Kofia ya fundi ujenzi ilitengenezwa kwa ajili ya tofali linalodondoka kutoka juu. Anayeanguka na baiskeli hupiga lami kwa ubavu wa kichwa, kwa kisogo, kwa paji la uso, na kofia isiyofungwa kidevuni itakuwa imeshamtoka kabla hajafika chini.

Kofia ya baiskeli nayo haiwezi kazi ya pikipiki. Kwa vipimo vya Ulaya, ya baiskeli huangushwa juu ya chuma, ikiwa imevalishwa kichwa cha bandia, kutoka kimo cha mita 1.5 hivi. Ya pikipiki hupata pigo la kimo cha karibu mita 3. Kwa hiyo kijana wa bodaboda aliyevaa ya baiskeli kwa kuwa ni nyepesi amejikinga nusu. Na anayenyonga baiskeli kilomita 20 juani akiwa na kofia nzito ya pikipiki ataivua njiani aitundike kwenye usukani. Matundu ya kofia ya baiskeli hayakuwekwa kwa urembo. Yapo kwa sababu mpandaji anatoka jasho.

Hata kwa baiskeli peke yake, kofia hazifanani. Ya mbio za barabarani ni nyepesi, yenye hewa nyingi. Shirikisho la kimataifa, UCI, liliifanya kuwa lazima mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kuanguka bila kofia katika mbio za Paris–Nice na kufa siku iliyofuata. Na Septemba 2025, hapa jirani Kigali, mashindano ya dunia ya barabara yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, kofia ilikuwa sharti kwa kila mshindani. Anayepita njia za milimani kama zile za Usambara anahitaji kofia inayoshuka hadi kisogoni, na anayeteremka kwa kasi kwenye mawe anahitaji ile inayofunika uso na kidevu. Mtoto apewe ya saizi yake, si ya kuikulia, naye aivue kila anaposhuka, maana mkanda ukinasa kwenye tawi anapocheza unaweza kumkaba koo.

Lakini tunayemfikiria zaidi ni dereva wa daladala ya baiskeli kule Kahama na Shinyanga, abiria nyuma yake, malori yakimpita ubavuni. Huyu kofia ya kawaida ya baiskeli inamtosha, na abiria wake pia, mradi iwe kofia ya kweli. Je, ataijuaje? Ndani ya kofia ya kweli kuna povu gumu, kama lile linalozunguka friji mpya ndani ya boksi. Likipigwa linabonyea, na kwa kubonyea linapunguza pigo linaloufikia ubongo. Likishabonyea halirudi. Ndiyo maana kofia iliyowahi kuanguka na mtu haifai tena, hata iwe inang'aa, na ndiyo maana kofia ya mtumba ni bahati nasibu. Nyingine ni gamba la plastiki na sifongo laini tu, hakuna povu gumu. Hiyo ni pambo.

Zipo alama: EN 1078 au CPSC kwa baiskeli, ECE 22 kwa pikipiki. Lakini stika yoyote inachapishwa uchochoroni, na mnyonga baiskeli hana maabara. Tunarudi palepale: mpandaji anakaguliwa barabarani, kofia haikaguliwi dukani. Anatozwa faini asiyevaa, na aliyemuuzia mwenzake plastiki tupu anafunga duka jioni kwa amani.

Mzazi, usinunue kabla hujabonyeza ndani ya kofia kwa kidole. Pima kichwa cha mwanao kwa futi ya fundi cherehani. Kofia ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ufungwe kidevuni, isiyumbe. Dereva, abiria wako naye ana ubongo! Mfanyabiashara, acha kuuza kifo kwa bei ya jumla! Na ninyi wenye dhamana ya viwango, tokeni ofisini. Chukueni kofia madukani, zipimeni, tangazeni zilizoshindwa kwa majina yake, ziteketezeni. Msako ujao uanzie kwenye makontena bandarini na kwenye maduka ya jumla, na wauzaji wafikishwe mahakamani kabla ya wapandaji.