Maji ya Barbegal



Karibu na mji wa Arles, kusini ya Ufaransa, kungali magofu ya vinu vya maji vya Barbegal, vilivyojengwa na Waroma katika karne ya 2. Mfereji wa mawe ulileta maji kutoka milima ya Alpilles. Yakateremka kilimani juu ya magurudumu 16, yaliyopangwa safu mbili, 8 kila safu. Maji yaliyokwisha kuzungusha gurudumu la juu yaliliangukia la chini yake, nalo likasaga unga vilevile. Chokaa ya maji iligandamana na mbao. Mafundi wakazibadili zilipochakaa. Leo mawe yangalipo, lakini mikono ya kuyatunza imekwisha, na unga hakuna. Basi sisi, tuliopokea kazi ya wazee wetu, tusiisifu tu siku ya jubilei. Tuitunze, ili watakaotufuata nao wasage.